Kwaya mnaitaka siku ya shughuli, siku ya mazoezi mnafunga mlango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu. Kama barua itazidi urefu punguza utakapoona panafaa, ila pale kwenye mazoezi naomba usipaguse manake ndio hasa kilichonikalisha chini niandike.

Naishi Mtwara mjini, Chikongola, na naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya mtaani. Nikisema ya mtaani namaanisha sio ya kanisa wala ya taasisi, ni watu tu tumekusanyana, Wakristo na Waislamu, kuna mama ntilie, walimu, bodaboda, wauza samaki wa feri, mafundi cherehani, watoto wa sekondari, na wasichana kadhaa waliotokea kwenye kaswida ambao kwa kweli pumzi zao sisi wakubwa hatuzifikii. Pembeni ya kwaya tuna okestra, ndogo, fidla chache, chelo moja, ile kama fidla kubwa yenye sauti nzito, filimbi, tarumbeta mbili, kinanda cha umeme na ngoma. Hakuna anayelipwa hata senti, kila mtu ana kazi yake, tunakutana jioni jioni na Jumamosi baada ya alasiri. Nyimbo za dini tulikubaliana tusiimbe ili kila mtu awe huru, tunaimba za nchi, za maisha, na ngoma za kwetu ambazo mwalimu anazipanga kwa sauti nne.

Na tunapendwa, hilo nisiseme uongo. Ikifika Mei Mosi, Siku ya Wanawake, Siku ya Mtoto wa Afrika, Uhuru, akija mgeni, likizinduliwa jengo, simu ya mwalimu haikai kimya. Shida ni namna tunavyoitwa. Simu inapigwa, "Mwalimu habari za siku, keshokutwa tuna mgeni, tunaomba vijana wako wawepo saa mbili asubuhi, na waandae kitu kizuri kinachohusu mazingira." Mwalimu wetu ni mtu mzima, mpole, anajibu, "Sawa mheshimiwa, ila wimbo wa mazingira hatuna, tungepata hata wiki mbili hivi." Anaambiwa, "Aah mwalimu, nyie si wataalamu bwana, mtatunga tu."

Hapo kwenye mtatunga tu ndipo panaponiuma. Watu wanadhani kwaya inakuwepo tu mahali imekaa inasubiri kuitwa. Wimbo mmoja wa sauti nne kwa watu kama sisi unachukua wiki kadhaa, na naomba nieleze inavyokuwa manake wengi wanaotualika hawajawahi hata siku moja kukaa kwenye mazoezi yetu wakaona.

Mwalimu anaandika wimbo kwa sol-fa kwenye karatasi ya manila, do re mi fa kwa herufi, mstari wa sauti ya kwanza juu, chini yake ya pili, ya tatu, ya nne. Huu uandishi ulienezwa na mchungaji mmoja wa Uingereza, John Curwen, karne ya 19, baada ya kuuchukua kwa mwalimu wa kike aliyeitwa Sarah Glover akauendeleza, na lengo lilikuwa hilihili, watu wa kawaida wasiosoma nota za mistari mitano nao waimbe pamoja bila kusubiri kinanda. Ukafika Afrika na misheni ukakaa. Hata wimbo wetu wa taifa ulitokana na wimbo ambao Enoch Sontonga aliutunga mwaka 1897 kule Afrika Kusini, na yeye hakuwa mtu mkubwa serikalini, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni na mwalimu wa kwaya, aliandika nyimbo zake kwa sol-fa kwa ajili ya wanafunzi wake. Yaani wimbo ambao nchi nzima inasimama ukipigwa umetoka kwenye mazoezi ya kwaya ya shule! Nikikumbuka hilo nashindwa kuelewa mtu anayesema mazoezi ni watu kukosa kazi.

Basi, kila sauti inajifunza peke yake kwanza. Sauti ya kwanza wanashika haraka manake mara nyingi wao ndio wenye wimbo wenyewe, sisi wa pili tunahangaika, tuko katikati, ukisikiliza vibaya unajikuta umehamia kwa jirani bila kujua. Sauti ya tatu na ya nne ni wanaume na hao tunao wachache siku zote. Ikifika Oktoba ndio kabisa, msimu wa korosho umeingia, watu wako mashambani Nanyamba na Tandahimba wanaokota, huwezi kumlaumu mtu, ile ndio ada ya shule ya watoto wake ya mwaka mzima. Kwahiyo mnapotuita Uhuru tarehe 9 Desemba mjue tunatoka kwenye miezi ambayo besi ilikuwa watu wawili na mmoja wao anakohoa vumbi.

Alafu sauti zote zikishaungana ndio inakuja okestra, na hapa ndipo kazi ilipo. Do ya kwaya inahama. Hizi herufi A mpaka G ni majina ya nota zenyewe, hazihami. Leo mwalimu akiandika do ni G basi do ni G, kesho akiona wimbo uko juu sana anashusha do inakuwa F na sisi hata hatuoni tofauti, tunaimba zile zile herufi za sol-fa. Fidla haiwezi hivyo. Nyuzi zake nne ni G, D, A, E na zinakaa hapo hapo, ukishusha wimbo mpiga fidla anabadilisha vidole vyote, na zipo funguo, yaani nota ambayo do inaanzia, ambazo kwa mtoto anayejifunza ni mateso. Tarumbeta nayo ina yake, hizi zetu ni za B flati, maana yake ukimwandikia C inatoka B flati, kwahiyo kwaya ikiwa do ni G mzee wa tarumbeta lazima aandikiwe A ndio wakutane. Mwalimu anakaa usiku anaandika wimbo uleule mara tatu, sol-fa ya kwaya, nota za fidla, nota za tarumbeta, kwa mkono, na asubuhi anaenda kazini kama watu wengine. Na wapiga ngoma hawasomi chochote kati ya hivyo, wao wanafuata miguu ya wachezaji, ukichukua kitu chenye mdundo wa sindimba ukakiweka kwenye sauti nne basi fidla zinaangalia mkono wa mwalimu, ngoma zinaangalia miguu, na mpaka hawa wawili wakubaliane watu wameshakunywa maji ndoo nzima.

Lakini siku vikikubaliana, Mhariri! Kuna Jumamosi moja tulikuwa tunafanya wimbo wa mavuno, kwaya tuna tabia ya kushuka, tukiimba bila chombo tunaanza vizuri mpaka beti la mwisho tumeshazama chini na wenyewe hatujijui, siku hiyo chelo ikashika nota yake ya chini haikutuachia, nikasikia sauti ya nne wanapanda kuifuata, kisha ya tatu, kisha sisi, na yule mtoto wa chelo hata hakuinua macho, alikuwa anahesabu kwa midomo. Wapita njia walisimama. Mama mmoja aliyebeba beseni la ming'oko alilitua chini akakaa mpaka mwisho.

Sasa turudi kwenye shughuli zenyewe. Tumekuja saa mbili kama tulivyoambiwa, tumevaa sare, mgeni anafika saa sita. Viti vya turubai ni vya waheshimiwa, sisi tuko juani. Mnaona ni kuchoka tu lakini kwa vyombo ni zaidi ya kuchoka, jua likipiga tarumbeta inapanda sauti kwasababu hewa ndani yake imepata moto, na nyuzi za fidla zinalegea zinashuka, kwahiyo vitu viwili mlivyovipatanisha asubuhi kwa makini saa sita vinagombana, na ratiba haina hata dakika tano za kuvipatanisha upya. Maiki ni moja. Inawekwa mbele ya sauti ya kwanza, wenye wimbo wanasikika mpaka barabarani, sisi wengine ni kama tunafungua midomo tu. Kwaya haitaki maiki ya kushikwa mkononi, ikiwezekana ziwe mbili, ziinuliwe juu na zikae mbali kidogo ili zichukue sauti zote pamoja, fundi mitambo yeyote anaweza akafanya hivyo akiambiwa mapema. Alafu hotuba zimerefuka, mshereheshaji anakuja anatunong'oneza, "beti moja tu, muda umekwenda." Kuna mtoto wa kidato cha pili alikuwa na sehemu yake ya peke yake kwenye beti la tatu, alijifunza miezi, mama yake alifunga genge aje amsikilize. Beti la tatu halikufika.

Sitaji shughuli gani manake sio moja na sina nia ya kumdhalilisha mtu. Naamini wengi wanafanya hivyo kwa kutojua.

Ila hilo la shughuli lingevumilika kama siku za mazoezi tungekuwa na pa kukaa. Tulikuwa tunatumia darasa la shule moja, mwalimu mkuu aliyekuwepo alikuwa mtu wa watu akatupa jioni, tulifagia wenyewe, tulinunua hata balbu. Akahamishwa. Aliyekuja akasema madarasa ni ya wanafunzi, ambayo ni kweli, lakini saa kumi na moja jioni wanafunzi wameshaondoka na kufuli liko mlangoni. Tukahamia barazani kwa mwenzetu mmoja, majirani wakavumilia wakachoka, kuna mgonjwa, kuna mtoto mchanga, ni haki yao. Sasa tuko chini ya mwembe. Upepo wa bahari wa jioni mnaujua, zile manila tunazibana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, karatasi za fidla nazo kila moja ina kibanio chake, na mpiga filimbi upepo ukija kwa mbele filimbi haitoi sauti kabisa, pumzi inapeperushwa kabla haijaingia. Giza likiingia tunamulika kwa simu. Mvua za Desemba mpaka Aprili ndio hivyo tena, mwezi unaweza ukapita hatujakutana wote.

Na vyombo vinalala wapi? Kwa watu, chini ya vitanda. Fidla inaunganishwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, gundi ile imechaguliwa makusudi ili fundi aweze kukifungua chombo akitaka kukitengeneza bila kupasua mbao, sasa ukiweka fidla kwenye chumba cha bati chenye joto na unyevu wa pwani gundi inalainika, chombo kinabanduka ubavuni chenyewe. Moja ilifunguka hivyo msimu wa mvua uliopita, ukibonyeza kidogo pembeni unaona mwanya, ukicharaza inalia kama ina nyuki ndani. Kijana kwa nia njema alikuwa ameshaitoa superglue mfukoni, mwalimu akamshika mkono. Tungeigandisha kwa ile isingefunguka tena bila kuvunjika. Tumeiweka imefungwa kwenye shuka inasubiri mtu wa kwenda Dar au Zanzibar anayeweza kuipeleka kwa fundi. Nyuzi nazo chumvi ya hewa inazila, zinapata kutu, zinakatika, na uzi mmoja kwa mtoto wa shule ni pesa.

Chumba kimoja kikavu chenye madirisha na kufuli, chenye kabati lililoinuliwa lisiguse sakafu, kingemaliza nusu ya haya. Mbona mjini hapa kumbi zipo, ofisi za kata zina kumbi, vyuo vina madarasa, makanisa yana kumbi za parokia, na mchana zinatumika jioni zinafungwa. Hatuombi bure, tuko tayari kuchangia luku, kufagia, kuandikishana na kuwajibika kitu kikivunjika. Tuna katiba, tuna viongozi, tuna daftari la mahudhurio.

Kuna wanaotuambia okestra ni mambo ya kizungu, tubaki na ngoma. Ngoma tunazo na tunazipenda, Mtwara hii hii ndio nyumbani kwa tamasha la MAKUYA la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao na kila anayekwenda anaona utajiri uliopo. Lakini fidla pwani hii sio ngeni. Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar imeanzishwa 1905, na taarabu ya namna yao ni fidla, udi, kanuni, ganuni wengine wanaita, na chelo, mabibi zetu waliolewa kwa muziki huo. Na zile klarineti na oboi zinazopulizwa kwenye okestra kubwa za Ulaya na Marekani zinatengenezwa kwa mpingo, huu huu mti wetu ambao wachongaji wa Kimakonde wanauchonga, unaoota kusini huku na ng'ambo ya Ruvuma Msumbiji. Kule Kilwa, mkoa wa Lindi, kuna misitu ya vijiji ambayo mwaka 2009 ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji mzuri na mpingo wake umeuzwa kwa ajili ya vyombo vya muziki. Mti unatoka kwetu unakwenda kulia huko, watoto wetu hawajawahi kuiona klarineti hata kwa macho. Mimi mwenyewe natamani siku moja nimwone mtoto wa Mtwara ameshika klarineti akijua mti wake anaujua kwa jina.

Mtoto huyo leo akitaka kusoma muziki darasani anaambiwa Bagamoyo, chuo cha sanaa cha TaSUBa, au avuke bahari aende Zanzibar kwenye chuo cha muziki cha nchi za jahazi. Vyuo vizuri sana, lakini kutoka hapa mpaka Dar tu ni zaidi ya kilomita 500, bado hujaanza ada. Mwaka 2021 UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na sekondari, zilifanyika hapa Mtwara na kwaya zikiwemo ndani yake, tuliona watoto wana sauti mpaka unasisimka. Wakishamaliza kidato cha nne wanaimba wapi? Wenye kanisa lenye kwaya nzuri wanaendelea, wengine inaishia hapo. Kwetu mlango uko wazi kwa yeyote, hata asiyejua sol-fa, anafundishwa bure na watu waliotoka kazini wamechoka. Huyo tarumbeta wetu wa kwanza ni mzee mstaafu, shikamoo yake tunampa kila siku, anafundisha vijana wawili kwa tarumbeta moja wanapokezana, kila mmoja ana kipande chake cha kupulizia cha kuchomeka ili wasiambukizane mafua.

Kwahiyo wanaotualika naomba mtuambie wiki tatu kabla, sio keshokutwa, na mkitaka wimbo maalum wa shughuli yenu mtupe mwezi. Muulizeni mwalimu kabla ya kupanga ratiba nyimbo zina urefu gani, akisema dakika sita ziandikeni sita, na kama muda ni wa beti moja semeni mapema tutaandaa kitu kifupi kilichokamilika, mtoto asije akajifunza kisichoimbwa. Tupeni kivuli na dakika kumi za kupatanisha vyombo. Nauli za bodaboda na maji ya kunywa mkiweza, mkishindwa tutakuja hivyo hivyo manake tunapenda. Posho sio kilio chetu.

Wenye kumbi na madarasa, watendaji, wakuu wa shule, mapadre na masheikh na wenye vyuo, kilio chetu ni kwenu. Jioni mbili kwa wiki na kona ya kabati. Mnaoogopa kelele au uharibifu njooni kwanza mtusikilize Jumamosi yoyote baada ya alasiri kabla hamjakubali wala kukataa, waulizeni watu wa Chikongola wanaoimba chini ya mwembe wako wapi, mtaonyeshwa, na viti vya wageni tutaazima kwa jirani. Kama chumba kitapatikana kabla ya mvua za Desemba hazijaanza ile fidla iliyofungwa kwenye shuka tutaichangia nauli iende kwa fundi, manake kwa sasa hata ikirudi nzima hatuna pa kuiweka.

Ahsante Mhariri kwa nafasi.

Ni mimi msomaji wenu, sauti ya pili,
Chikongola, Mtwara